Uchebe: Beki wa Kibelgiji Aliyeirudisha Simba Afrika

Mwaka 2018 Simba ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara, lakini haikuwa na uwanja wake wa mazoezi. Siku nyingine ilijifua Gymkhana, katikati ya jiji. Siku nyingine ilikuja huku kwetu kaskazini mwa Kinondoni, kwenye uwanja wa Boko Veterani, jirani kabisa na Mbweni. Kikosi kilikuwa na majina ya kumtoa mtu nyumbani: Emmanuel Okwi, John Bocco, Meddie Kagere, na Mzambia aliyetoka kusajiliwa, Clatous Chama. Kocha wao hakuwa na jina hapa nchini. Alikuwa Mbelgiji wa miaka 53, Patrick Aussems, aliyekabidhiwa timu Julai mwaka huo. Haikuchukua muda mashabiki wakampa jina lao, Uchebe, na hadi leo wengi wanamkumbuka kwa hilo.

Aussems alikuwa beki. Alizaliwa Februari 1965 na akakulia kimpira Standard Liège, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 1982 na 1983, na iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1982 kabla ya kufungwa na Barcelona mabao 2-1. Katika Standard hiyo alikuwamo Eric Gerets, beki wa kulia ambaye baadaye alizifundisha Marseille na timu ya taifa ya Morocco. Aussems hakufikia umaarufu wa Gerets. Alicheza pia Gent, akavuka mpaka kwenda Troyes ya Ufaransa, kisha akasogea hadi kisiwa cha Réunion, katika Bahari hii hii ya Hindi, na huko ndiko alikoanza kufundisha. Kabla ya kutua Dar es Salaam alikuwa amepita AC Léopards ya Dolisie, Kongo Brazzaville, Al-Hilal ya Omdurman, na timu ya taifa ya Nepal. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu aliyezoea kufungasha mizigo. Ila Afrika aliijua, na alijua timu ngeni inavyopokewa Kinshasa, Omdurman au Lubumbashi.

Klabu aliyoikuta ilikuwa na kiu ya muda mrefu. Wazee wa Msimbazi walikuwa wakisimulia mwaka 1974, Simba ilipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla El Kubra ya Misri kwa penalti. Walisimulia 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba iliporudi Dar es Salaam na sare ya 0-0 kutoka Abidjan halafu ikafungwa 2-0 na Stella mbele ya watu wake. Walisimulia 2003, kikosi cha kocha Mkenya James Siang'a kilipoitoa Zamalek, bingwa mtetezi, kwa penalti kule kule Cairo, Juma Kaseja akiwa golini, na kuingia hatua ya makundi. Baada ya hapo miaka 15 ikapita bila Simba kurudi kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa. Hata ubingwa wa nyumbani uliwakimbia kuanzia 2012 hadi 2018, walipoupata tena chini ya Mfaransa Pierre Lechantre na msaidizi wake, Mrundi Masoud Djuma.

Fedha nazo zilikuwa zimeanza kuingia. Mwishoni mwa 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa za klabu. Kwa hiyo Aussems alipoajiriwa, hakuna aliyemwambia akatetee ubingwa wa ligi tu. Alitakiwa kuifikisha Simba makundi, na kule iwe na sura ya timu.

Miezi ya mwanzo haikuwa ya raha. Septemba 30 alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Yanga, Simba ikatawala mchezo na kuambulia 0-0 kwa sababu ya kipa Beno Kakolanya. Oktoba, Djuma, kipenzi cha mashabiki, akaondoka, na wapo walioamini kwamba mwenye timu ndiye aliyefukuzwa na mgeni ndiye aliyebakizwa. Oktoba 11 Dewji akatekwa na watu wenye silaha katika hoteli moja Oysterbay, akapatikana siku tisa baadaye katika viwanja vya Gymkhana. Sijui ni kocha gani anayefundishwa darasani namna ya kuongoza mazoezi katika wiki kama ile. Novemba, Shomari Kapombe, beki wa kulia tegemeo, akaumia akiwa kwenye kambi ya Taifa Stars Afrika Kusini. Aussems akamchukua Nicholas Gyan, Mghana aliyekuja kama mshambuliaji, akamrudisha nyuma kucheza beki ya kulia.

Hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa ilipita upesi: Mbabane Swallows ya Eswatini ilifungwa 4-1 Dar es Salaam na 4-0 kwao. Shida ikaanza na Nkana ya Zambia. Kule Kitwe Simba ilifungwa 2-1, na penalti ya Bocco ndiyo iliyobakiza matumaini. Desemba 23, Uwanja wa Taifa, Nkana wakatangulia tena kufunga, kwa Walter Bwalya. Jonas Mkude akasawazisha, Kagere akaongeza la pili. Jumla ikawa 3-3, na penalti zikawa zinanukia. Dakika ya 89 Chama akamalizia kwa kisigino, mpira ukaenda wavuni, na Simba ikaingia makundi kwa jumla ya 4-3. Siku tatu baadaye timu hiyo hiyo ikatolewa Kombe la Shirikisho la Tanzania na Mashujaa ya Kigoma kwa mabao 3-2, timu ambayo wakati huo haikuwa hata Ligi Kuu. Ndivyo msimu ule ulivyokuwa, na ndiyo maana ninaupenda.

Kundi D lilikuwa na Al Ahly, iliyotoka kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2018, AS Vita ya Kinshasa, iliyotoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huo huo, na JS Saoura ya Algeria, klabu iliyokuwa imemchukua Mtanzania Thomas Ulimwengu. Simba ilionekana kuwa timu ya nne hata kabla mpira haujapigwa. Januari 12, 2019 ikaanza kwa kuifunga Saoura 3-0, Okwi akifunga moja na Kagere mawili. Shangwe ilidumu wiki moja. Erasto Nyoni, beki mkongwe aliyekuwa akiituliza safu ya nyuma, alikuwa ameumia goti kwenye Kombe la Mapinduzi Zanzibar. Bila yeye Simba ikaenda Kinshasa, ikafungwa 5-0. Februari 2 ikaenda Borg El Arab, Misri, ikafungwa tena 5-0, na mabao yote matano yaliingia kabla ya mapumziko.

Mabao kumi katika mechi mbili, na kocha ni beki wa zamani! Mtaani hakusazwa. Wachambuzi wa redioni walisema anacheza wazi mno ugenini, kwamba timu ya Kitanzania haiwezi kwenda kwa Ahly na kutaka kubishana naye kwa pasi. Katika hilo nadhani walikuwa na hoja. Aussems, pamoja na kazi aliyoifanya ujanani, alipenda timu yake iuchukue mpira na kushambulia, na Borg El Arab alilipia imani hiyo mbele ya bara zima. Lakini lawama nyingine ilikuwa kwamba Simba haina hadhi ya kuwa pale, kwamba imekwenda kulitia taifa aibu. Hiyo ndiyo aliyoijibu ndani ya siku kumi.

Kati ya Februari 2 na Februari 12 hakuna mchezaji mpya aliyesajiliwa. Watu walewale walioaibishwa Misri ndio waliorudi kuikabili Ahly, safari hii Temeke. Kwa mtu wa Mbweni, kwenda Uwanja wa Taifa ni kulivuka jiji zima: Tegeta, Mwenge, Ubungo, halafu Barabara ya Mandela hadi unapoona taa za uwanja. Siku ile watu walilivuka. Simba haikujificha langoni, na wala haikukimbilia mbele kama vipofu. Safu ya ulinzi ilisimama pamoja, Pascal Wawa akiiongoza, viungo walikaa karibu na mabeki wao, na Ahly, waliozoea kupata nafasi, walijikuta wakirudisha mpira nyuma. Dakika ya 65 Kagere akafunga. Bao likabaki moja, na moja likatosha. Siku nne baadaye, Februari 16, Kagere huyo huyo akawafunga Yanga 1-0 kwenye ligi, wakati Yanga ya Mwinyi Zahera ikiongoza msimamo.

Machi 9, kule Béchar, Saoura wakalipiza kwa 2-0. Hapo ndipo kundi lilipopata sura ambayo sijaiona tena. Kabla ya mechi za mwisho Saoura walikuwa na pointi 8, Ahly 7, Vita 7, Simba 6. Timu zote nne zingeweza kufuzu, na Simba ndiyo iliyokuwa mkiani. Sare ingewatoa. Ilibidi wamfunge Vita wa Florent Ibenge, aliyewapiga tano Kinshasa.

Machi 16 Vita wakaanza kufunga, dakika ya 13, kwa Kazadi Kasengu. Uwanja wa watu 60,000 ukanyamaza. Dakika ya 36 beki wa kushoto, Mohamed Hussein, ambaye kila mtu anamwita Tshabalala, akasawazisha. Kipindi cha pili kikasogea polepole, dakika kwa dakika, Simba wakizunguka lango la Vita bila kulifungua. Kisha, dakika ya 90, Chama. Wakongo walikaa chini. Kule Misri Ahly walikuwa wanaifunga Saoura 3-0, na msimamo ukasomeka hivi: Ahly 10, Simba 9, Saoura 8, Vita 7. Simba ilifuzu ikiwa imefunga mabao 6 na kufungwa 13. Ugenini ilipoteza mechi zote tatu, ikaruhusu mabao 12 bila kufunga hata moja. Nyumbani ilishinda zote tatu na kuruhusu bao moja tu.

Namba hizo ndizo wasifu wa Aussems pale Msimbazi. Wapo waliozitumia kumcheka, kwamba timu imefuzu ikidaiwa mabao saba. Mimi ninazisoma vinginevyo. Kocha alikuwa na kikosi ambacho kisingeweza kushindana na Ahly kwa dakika 180, na alikuwa na uwanja mmoja ambao ungeweza kujaa. Akaigeuza Temeke kuwa mahali ambapo mgeni haondoki na kitu. Vipigo viwili vya tano bila vilipokuja, hakuitupa timu yake wala hakubadilisha watu kwa hasira. Benchi la ufundi, lenye msaidizi Mtanzania Denis Kitambi, liliendelea kuwaambia wachezaji walewale kwamba mechi za nyumbani bado ziko mikononi mwao. Ukocha ni hilo pia, na kwa Simba ya mwaka ule lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote.

Wiki ile ya Machi nchi nzima ilikuwa na homa ya mpira. Siku nane baada ya Chama kuwatoa Vita, katika uwanja ule ule, Taifa Stars ya Emmanuel Amunike iliifunga Uganda 3-0 na kufuzu Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu Lagos 1980. Aishi Manula alikuwa golini, na Nyoni, aliyepona goti, akafunga penalti. Hao walikuwa wachezaji wa Simba, na siamini kwamba ukaribu wa tarehe hizo ulikuwa wa bahati tu.

Robo fainali ikawaleta TP Mazembe, mabingwa mara tano wa Afrika. Aprili 6 Dar es Salaam mechi iliisha 0-0, Bocco akikosa penalti. Ni Bocco aliyefunga ile ya Kitwe iliyoiokoa Simba, kwa hiyo sitamsema. Lubumbashi, Aprili 13, Okwi alifunga mapema kabisa na kwa dakika chache Wanasimba waliota ndoto kubwa, halafu Mazembe wakajibu kwa manne: 4-1. Safari ikaishia hapo.

Ligi ilikuwa imewasubiri na viporo. Simba ikacheza mechi mfululizo, kila baada ya siku chache, mkoa hadi mkoa, na Mei 2019 ikauchukua ubingwa kule Singida. Ilimaliza na pointi 93 dhidi ya 86 za Yanga, na Kagere akawa mfungaji bora kwa mabao 23.

Msimu ule uliacha kitu kingine ambacho sisi wa Kinondoni tunapaswa kukikumbuka. Pointi za Simba katika hesabu za CAF, zikijumlishwa na zile ambazo Yanga ilizikusanya miaka iliyotangulia, ziliipa Tanzania nafasi nne katika mashindano ya Afrika ya 2019/20 badala ya mbili. Nafasi hizo zikaenda kwa Simba, Yanga, Azam na KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, iliyokuwa imeshika nafasi ya nne kwenye ligi chini ya Etienne Ndayiragije. Agosti 2019 timu ya manispaa yetu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatoka 0-0 na AS Kigali kule Rwanda kabla ya kufungwa 2-1 nyumbani. Ilitolewa mapema, ndiyo. Lakini vijana wa timu inayolipwa kwa kodi za wananchi wa Kinondoni walipanda ndege kwenda kuiwakilisha nchi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya jioni zile tatu za Uwanja wa Taifa.

Kwa Aussems mwenyewe, Agosti hiyo hiyo ilikuwa mwanzo wa mwisho. Simba ilitoka 0-0 Beira na UD Songo ya Msumbiji, ikarudi Dar es Salaam kumalizia kazi. Wageni wakatangulia kufunga kupitia kijana anayeitwa Luis Miquissone. Simba ikasawazisha, ikaishia 1-1, na bao la ugenini likaitoa timu iliyokuwa robo fainali miezi minne nyuma. Miezi michache baadaye Simba ilimsajili Miquissone. Kocha hakubaki kumfundisha. Mwishoni mwa Novemba 2019, Simba ikiwa kileleni mwa ligi na pointi 25 katika mechi 10, kibarua chake kikaota nyasi. Nafasi yake ikachukuliwa na Mbelgiji mwenzake, Sven Vandenbroeck. Simba ilikuwa hatimaye imepata viwanja vyake vya mazoezi, huku huku kaskazini, Bunju, na Aussems hakupata muda wa kuvifaidi.

Aliendelea kuzunguka kama kawaida yake. Alipita Black Leopards ya Afrika Kusini, akaja Nairobi kuifundisha AFC Leopards, na Julai 2024 akarudi Tanzania kuinoa Singida Black Stars, tena na Kitambi pembeni yake. Novemba mwaka huo wote wawili wakasimamishwa, timu ikiwa miongoni mwa nne za juu. Kwa mara ya pili nchini kwetu aliondolewa akiwa juu kwenye msimamo.

Wakati huohuo Simba ilikuwa inavuna. Februari 2021 iliifunga tena Ahly 1-0 Dar es Salaam, mfungaji akiwa Miquissone, na ikaongoza kundi lake. Robo fainali za Afrika zikawa jambo la kawaida: 2021, 2022, 2023, 2024. Mei 2025 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0 ugenini na kutoka 1-1 Zanzibar. Nahodha wa kikosi hicho alikuwa Mohamed Hussein, yule yule aliyesawazisha dhidi ya Vita. Kwenye beki ya kulia alikuwapo Kapombe.

Siku hizi mtu wa Mbweni hahitaji kuvuka jiji ili kuona Ligi Kuu, kwa sababu JKT Tanzania inacheza nyumbani kwake kwenye Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, hapa hapa Mbweni. Vibarua vya makocha vinaota nyasi huku pia, kwa kasi ile ile. Viongozi wa klabu zetu, kabla ya kusaini barua nyingine ya kumwondoa kocha baada ya mechi moja mbaya, waangalie msimamo wa Kundi D ulivyokuwa asubuhi ya Machi 16, 2019, na wajiulize wao wangefanya nini Februari 3. Simba ya wakati huo ilimwacha Aussems aendelee na kazi, na uamuzi huo, kuliko ule wa Novemba, ndio uliostahili kuigwa.